Goti la Chiriku

Kila alasiri Chiriku alipotoka shuleni, kazi yake ilikuwa kumshika mdogo wake ili mama ashone nguo dukani kwake. Jina hilo alipewa na wateja wa mama, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mdogo wake walimwita Mpole. Cherehani ilinguruma, mikasi ikaanguka sakafuni, wateja wakabishana kuhusu urefu wa gauni, naye Mpole akalala fofofo chini ya meza.

"Umebarikiwa, Mama Chiriku," wateja walisema. "Wa kwangu hata paka akipita anaamka."

Sifa hizo zilimpoza mama moyo. Baba alifanya kazi mbali, na mzigo wa nyumba nzima ulikuwa mabegani mwake.

Chiriku ndiye aliyeanza kuingiwa na shaka. Alimwita Mpole kwa nyuma, akaimba, akapiga makofi, lakini mtoto hakugeuka mpaka amwone au meza itikisike. Jioni moja akasema, "Mama, mtoto hasikii."

Mama alikata uzi kwa meno, akacheka. "Mtoto anayenyonya atasikia nini? Wewe mkubwa mzima nakutuma maji, unaniletea hadithi. Sikio la kufa halisikii dawa!"

Chiriku alitaka kueleza kwamba hakusema habari za utundu. Lakini mama alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani, naye akaenda kuchota maji.

Siku ya kliniki Mpole alipimwa uzito, akachomwa sindano, kisha nesi akataka kumpima masikio. Mama alikuwa ameshika kadi na mfuko, hivyo Chiriku ndiye aliyempakata mtoto. Nesi alisimama nyuma yao akatikisa kopo lenye punje za mahindi. Mpole akaendelea kunyonya kidole. Nesi akatikisa tena. Mtoto hakugeuka. Chiriku alimtazama mama na kuona hofu usoni mwake, akamwonea huruma. Kopo lilipolia mara ya tatu, aliinua goti lake kidogo tu. Mpole akayumba, akageuza shingo.

"Haya, amesikia huyo," nesi alisema akiandika haraka, maana foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Njia nzima mama aliimba.

Mpole alianza kutembea, lakini hata kuita "mama" hakuweza. Wateja nao wakabadili wimbo. "Mtoto wako mkaidi," walisema sasa. "Hasikii kabisa!"

Siku moja mama aliweka pasi ya mkaa chini ili aokote kitambaa. Mpole akaiendea.

"Acha! We mtoto, acha!" Mama alipiga kelele mpaka mteja akashtuka kwenye kiti. Mpole hakugeuka. Akaweka kiganja juu ya chuma.

Walimtia mkono kwenye maji baridi, naye akalia hadi sauti ikakauka. Mama alipandwa na hofu na hasira. Akamchapa kofi la mgongo. "Nimekuita! Kwa nini husikii?"

Mpole alimkodolea macho mdomoni, asijue kosa lake. Chiriku hakuvumilia tena.

"Usimpige, mama! Hasikii kwa masikio! Nilijua tangu zamani. Siku ile kliniki ni mimi niliyemtikisa kwa goti."

Mkono wa mama ulibaki hewani. Kisha akakaa sakafuni, akamkumbatia Mpole, akalia naye. Chiriku aliona heri angechapwa yeye.

Walikimbilia kliniki. Nesi alifunga kidonda, akasikiliza habari ya goti bila kumkatiza Chiriku, kisha akawapeleka hospitali kubwa kwa mtaalamu wa masikio. Mpole alipolala, mtaalamu alimtia sikioni kizibo laini chenye waya. Kifaa hicho kilipeleka sauti ndogo ndani ya sikio, kikasubiri sikio lenyewe lijibu. Hapo shingo haikuwa na kazi, wala goti. Sikio la kulia halikujibu. La kushoto pia halikujibu.

"Tutampima zaidi. Vifaa vya kusikia vitamsaidia kidogo," mtaalamu alisema, "nanyi mtajifunza lugha ya alama pamoja naye. Lakini muda uliopita, mama, siwezi kuwarudishia."

Nesi alimgeukia Chiriku. "Mwanangu, mimi nilifanya haraka, na kosa hilo ni langu. Nimeomba kifaa hiki kije kliniki, watoto wapimwe wangali wachanga, wakiwa usingizini. Wewe ulimhurumia mama yako. Lakini umeona nani aliyeulipia uongo ule?"

Chiriku alitazama bandeji ya Mpole.

Wiki kadhaa baadaye mteja mmoja aliingia dukani, akamwona Mpole akivuta vitambaa. "Bado tu hasikii huyu?"

Mama alisimamisha cherehani. "Ndiyo, hasikii. Ni kiziwi. Mkaidi nilikuwa mimi." Akamgeukia Chiriku. "Uliniambia, nikakucheka. Siku nyingine ukijua jambo, liseme mpaka lieleweke, hata kama litaniumiza. Nami kabla sijasema mtoto hasikii, nitauliza kwanza kama anasikia."

Kisha akagonga sakafu kwa mguu. Mpole akageuka. Mama akamwonyesha kwa mikono alama ya "njoo", naye Mpole akainua kiganja chake chenye kovu, akairudia alama ile, akaja.