Piano ya Ndayisaba

Jua lilikuwa linazama nilipomsimamisha motari wa pikipiki pale Sonatubes na kumwambia anipeleke Kimisagara. Nilikuwa nakwenda kuchukua piano. Piano nzima, na ningerudi nayo mfukoni.

Sisi tunaotengeneza muziki nyumbani hatuna pa kuweka piano halisi. Tunatumia laibrari. Mtu anakaa mbele ya piano ya kweli, anarekodi kila kibonye, mara kwa upole, mara kwa nguvu zote. Wewe unaziweka zile sauti kwenye kompyuta, unabonyeza kibodi ndogo mezani, na inalia piano ileile. Kazi ni kuchagua. Wimbo wa mke wangu Raihana ulikuwa tayari, umebaki piano tu, na nilikuwa nimejaribu laibrari nyingi mpaka masikio yakachoka. Moja ilikuwa safi mno, kama maji yaliyochemshwa. Nyingine ililia kama sahani zinaoshwa. Raihana alisikiliza kila moja akatikisa kichwa.

“Papa Shimwa, hii haina mtu ndani.”

Arnaud, rafiki yangu mwenye studio Gisimenti, ndiye aliyenielekeza kwa Ndayisaba. Mwalimu wa piano wa zamani, alisema. Amerekodi ya kwake mwenyewe.

Nyumba ilikuwa bondeni, nyuma ya karakana za mageti ya chuma. Mafundi walikuwa wanafunga. Nilibisha.

“Mwiriwe, muzehe.”

Mlango ulifunguka kabla sijamaliza salamu. Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti na tai katika nyumba isiyo na taa. Harufu ilinifikia mlangoni. Mbao za zamani... na chini yake kitu kingine. Kama sarafu zilizoloa.

“Umekuja kuichukua,” alisema. Hakuwa anauliza.

“Naomba kuisikiliza kwanza, muzehe.”

“Si hapa!” Akashusha sauti. “Si hapa.”

Alinitia flashi kiganjani, akavikunja vidole vyangu juu yake. Mikono yake ilikuwa ya baridi.

“Ni yako sasa. Lakini uisikilize peke yako. Mke unaye?”

“Ninaye.”

Alinitazama. Midomo ilimcheza, kama mtu mwenye neno kooni. Kisha akafunga mlango, na nyuma yake nikamsikia analia. Kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Nilipofika nyumbani Kicukiro, Raihana alikuwa ameshampeleka binti yetu Shimwa kwa mama mkwe wangu, mtaa wa Biryogo, na kurudi, ili tupate utulivu wa kurekodi. Nilikumbuka maneno ya yule mzee. Nikayapuuza. Nitachaguaje sauti ya kumfaa mwimbaji bila mwimbaji mwenyewe?

Nikachomeka flashi. Nikagusa kibonye kimoja, polepole.

Kabla ya noti kulia, mtu alivuta pumzi.

Halafu ikalia, pana, ya joto, na mwisho wake ukachukua muda kufa. Raihana akaweka kikombe chini.

“Hii ina mtu,” alinong’ona.

Akaanza kuimba. Nilikuwa na mwanamke huyu miaka mingi na sijawahi kumsikia akiimba vile. Vinyweleo vya mikono vilinisimama. Tukafika kwenye kiitikio, wimbo ukapanda, nami nikagonga kwa nguvu.

Pah!

Raihana alishika mdomo. Damu ilichuruzika kati ya vidole vyake.

Nilitaka kusimama. Lakini nilimsikia akisema, “Endelea.”

Nikaendelea. Nikabonyeza noti ya pili. “Hii je?” nilimuuliza. Kichwa chake kiligeuka ghafla, kama amezabwa kofi. “Na hii?” Akajikunja, ameshika mbavu. Niliona. Nasema kweli, niliona yote, na ndani nilikuwa napiga mayowe, lakini vidole havikutoka kwenye kibodi. Vilikuwa vinatafuta. Noti za juu zilimchana uso. Za kati zilimpata tumboni na mgongoni. Alianguka, akatambaa kuelekea mlangoni, na kila noti ikamfuata pale alipo.

“Endelea,” nilisikia. “Endelea...”

Harufu ya sarafu ilijaa chumba.

Noti ya chini kabisa ilimnyanyua ikambamiza ukutani.

Krak.

Mfupa hauna mwangwi. Ni sauti kavu, kama kuni. Mkono wake ulining’inia upande usio wake, na spika zikavuta pumzi tena, ndefu, ya mtu anayejiandaa.

Mlango ulivunjwa. Jirani yetu Sibomana aliingia na mchi wa kinu. Hakwenda kwenye spika. Hakwenda kwa Raihana. Alinirukia mimi, akanipiga begani, akanilalia sakafuni, goti shingoni.

“Mana yanjye! Mungu wangu! Gisa, utamuua!”

Sikuelewa kwa nini ananishika mimi.

Muziki ulikuwa umenyamaza.

Polisi walinichukua, kisha wakaniachia baada ya siku chache. Waliniambia mke wangu ameshikilia neno moja tu: aliyempiga si mume wake. Nilishukuru sana. Niliamini kwamba naye aliona kama nilivyoona mimi, kwamba kulikuwa na kitu mle chumbani.

Nilikwenda Kimisagara kwanza. Nyumba ya Ndayisaba ilikuwa wazi, tupu, imefagiwa. Mwanamke wa nyumba ya pili, Winifred, aliyekulia Uganda, alikuwa anaanua nguo.

“Huyo muzehe ametoka,” alisema. “Hajasema iko wapi. Ametoka anacheka.”

“Mke wake je?” Nilikumbuka alivyoniuliza kuhusu wangu.

Akaziweka nguo begani taratibu.

“Mama alikuwa anakaa ndani tu. Jioni muzehe anapiga piano, nguvu, nguvu. Sisi tunasema anapenda muziki. Kumbe chini ya ule muziki kuna mtu analia.” Aliangalia mlango ule mtupu. “Siku mama anakufa, hakupiga wimbo. Alipiga noti moja... kimya. Noti moja... kimya. Kutwa nzima. Mimi nilidhani anatengeneza piano.”

Nilijua ile ni kazi gani. Alikuwa anarekodi.

“Akaoa mwingine,” Winifred akaendelea. “Huyo alikimbia akiwa amevunjwa taya. Tulipomshika, muzehe akalia mbele yetu kama mtoto. Akasema si yeye. Akasema yeye alikuwa anapiga piano tu.”

Nilitembea kutoka pale mpaka Biryogo kwa miguu, kwa mama yake alikokuwa Raihana.

Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini. “Shikamoo, mama,” nilisema. Hakuitikia. Lakini Raihana alisema kutoka ndani niachwe nipite, nisimame ukutani.

Mkono wake ulikuwa kwenye plasta. Jicho moja halikufunguka.

“Nilimwona yule mwanamke,” nilianza, ingawa sikumwona mtu yeyote. “Ni yule mke wa Ndayisaba. Yumo ndani ya zile sauti, Raihana. Yeye ndiye aliyekupiga.”

“Hapana,” alisema.

Nikabandua mgongo ukutani, naye akainua mkono mzima kunizuia.

“Yeye nilimsikia. Alikuwa analia na mimi. Kibodi ilikuwa inajipiga yenyewe, Gisa. Wewe ulikuwa umesimama juu yangu.”

“Hapana. Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa...”

“Ulikuwa unanipiga, halafu unainamisha kichwa, unasikiliza. Unaniuliza, hii je? Na hii? Unachagua.”

“Wewe ulisema niendelee!”

“Nilisema acha. Nilisema acha mpaka sauti ikaniisha.”

Nilitazama mikono yangu. Ngozi ya vifundo ilikuwa imechanika, imeanza kukauka. Siku zote hizo nilikuwa nimejiambia ni pale Sibomana aliponiangusha sakafuni.

“Mbona uliwaambia polisi si mimi?”

“Kwa sababu iliyokuwa inauliza haikuwa sauti yako. Ilikuwa ya mwanamume mzee.” Jicho lake moja lilinitazama usoni, likitafuta. “Na sasa sijui ni nani amekuja kunisalimia.”

Niliapa kwamba ni mimi. Nilitaja siku ya ndoa yetu, jina la bibi yangu wa Bukoba aliyenilea, mambo tunayoyajua wawili tu. Alisikiliza yote. Akauvuta mkono wa plasta kifuani.

Ndipo Shimwa alipotokea uani, amenisikia. Alikimbia moja kwa moja kunijia, mikono juu, “Papa! Papa!” Mama mkwe aliinuka upesi kuliko umri wake, akasimama kati yetu, akamvuta mtoto nyuma ya kitenge chake.

Hasira ilinipanda.

Sijawahi kuwa mtu wa hasira. Hii ilitoka chini, polepole, na ilikuwa tamu. Niliiona shingo ya yule mama, ilivyo nyembamba. Nikajikuta najiuliza italia vipi.

Nilitoka mbio. Barabarani watu walikuwa wanatoka msikitini, wananisalimia, nami sikumjibu yeyote. Shimwa aliendelea kuniita nyuma ya bibi yake, na mimi nilikuwa namwomba Mungu yule mama asimwachie.