Mashine ya Shemeji Anuari

Wa kwanza kuniambia ni Anifa, jirani tuliyepakana naye ukuta katika nyumba ya kupanga ya Bi Mwanvua, Mandewa.

"Mama Nasma, wewe hukoromi kama watu. Unanguruma."

Alicheka. Mimi nilitazama chini. Mwanamke kukoroma ni aibu, na kwetu Singida ngurumo ya usiku haichekwi. Watu hawajasahau watu-simba, wanaofichwa vyumbani na wachawi na kufunguliwa gizani.

Miaka ile vitu vya nje vilipoanza kujaa madukani, shemeji Anuari alikuja kutoka Maskati na mashine aliyokuwa akiitumia mwenyewe. Alisema huo si uchawi, ni ugonjwa. Koo linajifunga usingizini, pumzi inakatika. Mashine inasukuma hewa kwa bomba mpaka kwenye kifuniko cha puani. Niliivaa usiku mmoja. Mwanangu Nasma aliponiona alilia hadi akatapika. Nikaificha chini ya kitanda.

Jioni moja nilikuwa narudi na mkaa. Bi Mwanvua alinisimamisha uani.

"Mwanangu, wapangaji wanaogopa. Ngurumo yako ikisikika tena leo, kesho uhame."

Baba Nasma alikuwa safarini na vitunguu. Sikuwa na pa kwenda. Nikaivuta mashine, nikaanza kuipangusa. Anifa alichungulia mlangoni.

"Liache hilo dude," alininong'oneza. "Litakunyonya pumzi."

Nililivaa. Nilikaza mikanda mpaka ngozi ikauma. Hewa iliingia kwa nguvu, nikapambana nayo kama anayezama, kisha kifua kikaizoea. Nikalala...

Ngurumo ikaniamsha.

Nzito. Ndefu.

Machozi ya aibu yalinitoka. Nikapapasa uso. Kifuniko kipo. Mashine inavuma taratibu. Nikabana pumzi.

Ngurumo iliendelea.

Ilitoka ukutani, upande wa Anifa. Ikaja na harufu ya ngozi mbichi iliyolowa mvua. Kitu kilikwangua udongo... kikatulia... kikakwangua tena. Kisha nikamsikia Anifa, anabembeleza kama mama.

"Shh... nyamaza. Mwenzio leo hangurumi. Watakusikia."

Sikulala tena. Alfajiri usingizi uliniiba kidogo, na nilipozinduka Nasma hakuwa kitandani.

Nilitoka mbio. Bi Mwanvua alikuwa amesimama uani.

"Shikamoo, Bi Mwanvua."

"Marahaba. Ni nani aliyenguruma usiku?"

Nyuma yake Anifa alikuwa amekaa kwenye kigoda, amempakata Nasma. Alikuwa anamkata kucha kwa wembe, polepole. Kila kipande alikifunga kwenye pindo la kanga yake. Aliinua macho, akanitazama, akasubiri jibu langu.

"Ni mimi," nilisema. "Mashine ilizimika."

Bi Mwanvua alitikisa kichwa. Wapangaji wengine walijifanya wanafagia.

Nikamchukua mwanangu, nikafunga godoro, nikahama kabla ya adhuhuri.

Kucha sikuthubutu kuziomba.