Bakuli la Bi Sugaya

Rafiki yangu Teppei alirudi kwao Nagiura, pwani ya Japani, na digrii yake ya uchumi, akaukuta mji uleule unaonuka utumbo wa ngisi, nusu ya nyumba zake hazina watu. Jioni moja ya baridi mama yake alimkabidhi bakuli la jirani, limeoshwa, na machungwa matatu ndani.

"Bi Sugaya katulisha ngisi wake wa kuvundika wiki nzima. Usimrudishie chombo kitupu, umesikia?"

"Ngisi gani, mama? Makohozi yale!"

"Makohozi hayohayo unayalamba kila siku, na kazi hutafuti. Hebu toka!"

Hasira zikampanda. Njiani akayala machungwa yote, maganda akayatupa baharini. Vipaza sauti vya mji vilikuwa vinapiga ule wimbo wa kila jioni wa kuwaita watoto nyumbani, na giza lilishaingia, alipousukuma mlango wa Bi Sugaya na kuliweka bakuli tupu sakafuni.

"Bibi, chombo chako hicho!"

Wimbo ukakatika. Kizani humo akasikia ulimi ukilamba bakuli, polepole, kwa mate mengi, ukizunguka hadi kwenye kingo.

"Mwanaharamu, mchafu we!" Teppei akatema mate, akatimua mbio moja kwa moja mpaka kwao.

Bakuli lilikuwa limeshafika. Lilikaa mlangoni pa mama yake, linachuruzika mate, limejaa machungwa yaliyotafunwa, bado ya vuguvugu. Katikati ya rojo hilo palikuwa na jino.

Teppei akapitisha ulimi kinywani mwake. Akalikuta pengo.