Mkono wa Kuonyesha

Kila asubuhi kabla ya shule, Malaika alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamsaidia mama yake mdogo, Kabibi, kupanga bidhaa juu ya meza ya mbao kando ya njia kuu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, nchini Malawi. Palikuwa na vipande vya sabuni, chumvi, viberiti, na kopo kubwa la krimu ambalo karatasi yake ya jina ilikuwa imebanduka. Ilikuwa Juni 1996. Baridi ya Dowa ilikuwa kali na vumbi liliingia hadi kwenye sufuria.

Malaika alikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu utotoni huko Kindu, nchini Zaire, ngozi ya ndani ya viwiko na ya nyuma ya magoti yake ilikuwa kavu, ikiwasha na kupasuka. Pale shuleni wenzake walisema ni upele, na hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Inauma kweli, watu kukuhama wakati umeoga vizuri kuliko wao.

Ndipo Kabibi alipoleta ile krimu kutoka sokoni Lilongwe. Alimpaka Malaika kidogo mkono wa kulia, na ndani ya siku tatu mwasho ukatulia, ngozi ikawa laini. Kabibi, mfanyabiashara mtoto wa wafanyabiashara, hakulaza damu. Akaanza kuuza krimu kijiko kwa kijiko, na mteja akisita tu, alimwita mtoto: "Malaika, kuja. Onyesha mkono."

Malaika alionyesha. Wanawake walimpapasa na kusifu. Kwa mara ya kwanza watu wasiomzoea walimgusa bila kuogopa, naye akafurahi, mbona asifurahi.

Kwa furaha hiyo akawa anajipaka mkono wa kushoto mwenyewe, tena kwa wingi, mara tatu kwa siku. Baada ya wiki chache ngozi ya mkono huo ikawa nyembamba na yenye mabaka. Akiacha krimu hata siku mbili, iliwaka kama iliyopakwa pilipili, ikatoa majimaji na kufanya magamba.

"Mama mdogo, mkono huu umeharibika," alisema.

Kabibi aliutazama. "Funika na sweta," alisema. "Wa kuonyesha watu ni ule mwingine. Unga wetu unatoka hapa mezani, we unajua."

Malaika alijua. Akafunika.

Wiki hiyo alikuja jirani yao, Thacienne, mama wa Kirundi, akiwa amembeba mwanawe Arakaza, mtoto wa miezi minane. Mtoto alikuwa na vipele katikati ya vidole, akilia kwa mwasho. Thacienne hakumwuliza Kabibi. Alimgeukia Malaika.

"Mwanangu, we ndo mwenye kujua. Inaponya kweli?"

Malaika alihisi mkono wa kushoto ukiwaka ndani ya sweta. Macho ya mama mdogo yalikuwa juu yake.

"Inaponya," alijibu.

Huo ulikuwa uongo wa neno moja tu, na ulitosha. Kwa siku kadhaa Arakaza alilala vizuri. Kisha vipele vikasambaa tumboni, kwenye nyayo na makwapani, na vingine vikatunga usaha. Thacienne alirudi akitaka krimu zaidi. Kabibi alichukua kijiko kwa vidole vyake vyenye mipasuko. Malaika alimwona mtoto amelegea begani kwa mama yake, hata kulia halii, na hapo kitu kikamkatika moyoni. Akavua sweta mbele ya watu wote.

"Usimpake tena, mama. Angalia. Mi nilikudanganya."

Thacienne aliugusa ule mkono, kisha akaligusa paji la uso la mwanawe. Lilikuwa la moto. Alikimbilia zahanati, na mchana huo mtoto akapelekwa hospitali ya Lilongwe. Muuguzi Faustin, mkimbizi mwenzao, aliwataka Kabibi na Malaika nao waende, na lile kopo walibebe.

Daktari aliwachunguza wote, na Faustin akawafafanulia kwa Kiswahili.

"Malaika ana ukurutu wa kurithi. Mama yake hakuwa na pumu?"

"Alikuwa nayo hadi kifo chake," Kabibi alisema kwa sauti ndogo.

"Basi pumu na ukurutu huu hutembea pamoja katika ukoo. Hauambukizi. Baridi, vumbi na sabuni kali huuchochea. Na hiyo mipasuko ya vidole vyako, Kabibi, ni ukurutu wa mguso. Unatokana na vitu unavyoshika kila siku. Lakini mtoto huyu hana ukurutu. Ana upele wenyewe, wa vijidudu vinavyochimba ngozi, na huo huambukiza. Krimu yenu inaonekana ina dawa kali, ndiyo maana mkono wa Malaika umeharibika. Kwa mtoto ilituliza mwasho, upele ukaenea kimyakimya, na usaha ukaleta homa."

Arakaza alichomwa sindano, na familia yake yote ikapewa dawa ya upele siku moja. Malaika aliambiwa aoge kwa maji ya uvuguvugu bila kukaa majini muda mrefu, ajipake mafuta mazito yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu, akate kucha, na dawa ya daktari aitumie kidogo, kwa siku alizoandikiwa tu. Ukurutu wake ungetulia, ingawa ungeweza kurudi.

Waliporudi kambini, Kabibi alifukia kopo, akazunguka kwa wateja wake mmoja mmoja kuwaonya waache kuitumia. Wengine walimtukana, naye akavumilia.

Mtoto aliporuhusiwa kurudi, Malaika alikwenda kwa Thacienne kuomba radhi.

"Mama yako mdogo sikumwuliza," Thacienne alisema. "We ulijua. Nilikuuliza wewe kwa sababu nilidhani mtoto hatanidanganya kwa ajili ya biashara. Mtu akikuuliza habari ya afya ya mwanawe, mwambie unalolijua, hata kama mtalala njaa."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Malaika akanyoosha mikono ampokee Arakaza, kama alivyozoea kila jioni mama yule alipopika. Thacienne alimhamishia mtoto upande wa pili wa kiuno, akaingia naye ndani, akafunga mlango.