Jeki Inayokamua Mihogo

Nuru na mumewe Sudi walilima mihogo na korosho katika kijiji kimoja karibu na Mikindani. Nuru na wanawake wenzake walikuwa na kikundi cha kutengeneza unga. Walikuna mihogo, wakaikamua maji, wakaianika na kuisaga. Unga wao ulikuwa mweupe, na wanunuzi wa mtaa wa Ufukoni waliujua.

Kazi ngumu ilikuwa kukamua. Mihogo iliyokunwa waliitia kwenye viroba, wakavirundikia mawe na kuviacha hadi kesho yake. Mwaka 2003 mvua zilianza mapema. Mihogo ilibaki na maji mengi, ikashindwa kukauka, ikaota ukungu. Wakaimwaga yote shimoni. Baadhi ya wanawake wakasema wanaacha kikundi. Nuru alirudi nyumbani mgongo ukimuuma kwa kubeba mawe.

Jirani yao Helena alikuwa fundi wa magari bandarini. Jumapili, alipotoka kanisani, alipita kumjulia hali Nuru na kusikia yaliyotokea. Akamuuliza kama amewahi kuona lori likibadilishwa tairi. Nuru akasema ameona. Mtu mmoja tu huliinua kwa jeki.

"Mtu huyo hana nguvu za kuinua lori, dada Nuru," Helena akasema. "Jeki ndiyo inayomkuzia nguvu zake. Akisukuma mpini, anayabana mafuta yaliyo ndani. Mafuta hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo yanaisukuma pistoni nene. Pistoni inapanda polepole, lakini kwa nguvu kubwa."

Akaeleza kwamba mafundi huviita vifaa vya namna hiyo akchueta. Kazi yake ni kupokea nguvu na kuigeuza kuwa mwendo: kusukuma, kuvuta au kuzungusha. Nguvu hiyo inaweza kutoka kwenye mafuta yaliyobanwa, kama tipa linapoinua bodi kumwaga mchanga. Inaweza kuwa hewa, kama kwenye mlango wa basi unaojifunga. Inaweza pia kuwa umeme, kama mota inayofungua bomba kubwa la maji.

Nuru akafikiri. "Kama inasukuma lori juu, haiwezi kusukuma viroba chini?"

Helena akatabasamu. Akasema inaweza, na atawasaidia kuitengeneza.

Sudi hakuamini. Kwake jeki ilikuwa kitu cha gari, si cha chakula. Hata hivyo alisaidia kubeba vyuma, na Helena akachomelea fremu imara. Chini waliweka viroba, juu yake ubao, kisha jeki. Juu ya jeki kulikuwa na boriti ya chuma. Boriti haisogei, kwa hiyo pistoni ikisukuma, ubao ndio unaoshuka. Helena akawaonya wasiizidishie jeki mzigo, wasimame pembeni, na waiweke ndani ya sinia ili mafuta yakivuja yasiguse chakula.

Asubuhi ya kwanza Nuru alishika mpini mwenyewe. Maji yakaanza kuchuruzika, kisha yakatiririka. Kabla ya adhuhuri walifungua kiroba. Sudi akachota mihogo, akaiminya kiganjani. Halikutoka hata tone. Akaomba naye asukume.

Mihogo ilikauka vizuri, na wanawake walioacha kikundi wakarudi. Msimu uliofuata walikuja wageni kutoka kijiji kingine. Wakamuuliza Sudi ni fundi gani aliyewaza kukamua mihogo kwa jeki.

Sudi akawaonyesha mkewe. "Muulizeni huyu," akasema. "Sisi wengine tunasukuma mpini tu."

Nuru akajifunga kanga yake vizuri, akawaita wageni wasogee karibu na mashine, akaanza kuwaeleza.