Bahasha za Mzee Massoudi

Sijaona aliamka amechoka, kama jana, kama juzi. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaitazama miguu yake. Ilikuwa imevimba kama andazi lililokunywa mafuta.

Nje, mkamwana wake Lubna alikuwa anafagia ua. Mwanawe Twalibu alikaa tu kwenye ngazi, na yeye ni fundi wa magari. Esansi, ile petroli ya magari, ilikuwa imekosekana mjini. Magari hayakutembea, na gari lisilotembea haliharibiki.

Sijaona alivuta kopo la maziwa ya unga lililokuwa chini ya kitanda. Ndani yake mliwekwa dawa zake. Akatoa bahasha ndogo ya kaki. Juu yake palichorwa majua mawili kwa kalamu ya buluu. Maana yake: vidonge viwili, asubuhi. Akavimeza kwa maji. Kisha akaibusu ile bahasha, akairudisha mahali pake.

Aliyechora majua yale ni Mzee Massoudi, mfamasia wa avenue ya kumi na nane, pale Buyenzi. Sasa Mzee Massoudi hayuko. Zimebaki siku nne kufika arobaini yake.

Wazee wengi wa avenue ile hawasomi vizuri. Kwa hiyo Massoudi aliwachorea. Jua ni asubuhi. Mwezi ni usiku. Sahani ni kula kwanza. Koti lake jeupe lilikosa kifungo kimoja kwa miaka kumi na mbili, na kila aliyejitolea kumshonea aliambiwa, "Kesho." Alikuwa mkaidi pia. Siku moja Amissi, muuza baiskeli, alikuja na mafua akitaka dawa kali.

"Rudi kwako ukanywe chai ya tangawizi," Massoudi alimwambia. "Hii dawa si peremende."

"We unafukuza wateja, mzee!"

"Nafukuza mafua, Amissi. Toka."

Watu walimkasirikia asubuhi, wakamshukuru jioni. Na hakuna aliyepokea bahasha yake bila kitendawili. Aliinyanyua juu, hakupi mpaka ujibu.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nina mtoto mdogo kuliko punje ya hindi. Akiingia nyumbani, mwenye nyumba huinuka au huanguka."

"Dawa, Mzee Massoudi!" Sijaona alikuwa akicheka. "Kila mwezi ni kile kile!"

"Hiyo ni nusu ya jibu, dada. Nusu nyingine nakudai."

Nusu nyingine hakuisema kamwe. Alifariki Ijumaa asubuhi mbele ya mlango wa farmasi, funguo mkononi.

Pilau ya hitma aliombwa Sijaona aipike. Miaka thelathini hakuna hitma ya avenue ile iliyopikwa na mkono mwingine. Lakini wiki tatu sasa kichwa kilimzunguka kila aliposimama. Hata kunyanyua birika kulimshinda.

"Mama, ukae," Lubna alimwambia. "Hitma watapika wengine."

"Wengine nani? Wale wanaotia maji kama wanafua nguo?"

"Lakini umechoka, mama. Ni huzuni hiyo. Huzuni inakaa mu miguu."

Avenue nzima ilisema hivyo hivyo. Ni huzuni. Massoudi ameondoka na nguvu za watu. Sijaona naye aliamini.

Asubuhi ile akachukua ungo, akaanza kuchambua mchele wa hitma. Alipoinuka kumwaga mawe, ua ulizunguka. Ungo ulimponyoka. Mchele ukatawanyika, na yeye akaenda chini.

"Mama!" Twalibu aliruka kutoka kwenye ngazi. "Lubna, lete maji! Mama, unanisikia?"

"Nakusikia. Usipige kelele, majirani watafikiri nimekufa."

"Twende farmasi sasa hivi."

"Apana. Si kwa ule mutoto wa Mutanga Sud."

Mtoto mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini kutoka mtaa ule wa wenye nafasi, jina lake Daphrose. Amesomea dawa. Familia ya Massoudi ndiyo iliyomwomba aendeshe farmasi. Sijaona alikwenda kwake mara moja tu, vidonge vya Massoudi vilipokwisha. Daphrose alimpa boksi, akaandika juu yake kwa Kifaransa, herufi ndogo kama sisimizi. Hakuchora jua. Hakutega kitendawili. Alipoanza kueleza, simu ikalia, na Sijaona akachukua boksi lake akaondoka kabla hajamaliza.

Leo hakuwa na nguvu ya kubishana. Taksi hakuna. Walitembea polepole, Twalibu amemshika mkono wa kulia, Lubna wa kushoto.

Daphrose alipomwona alitoka nyuma ya meza ya kioo, akamkalisha. Akamfunga mkanda wa kupimia tansiyo, ndiyo shinikizo la damu. Mashine ikanguruma, ikanyamaza.

"Tisa juu, tano chini," alisema. "Mama, hii imeshuka sana. Unakunywa dawa gani?"

"Ile ya tansiyo. Ya Mzee Massoudi."

"Ngapi kwa siku?"

"Mbili asubuhi. Kama alivyonichorea."

Daphrose akamgeukia mkamwana. "Lubna, tafadhali, niletee dawa zake zote. Na vitu vyote anavyozihifadhia. Usiache hata kimoja."

Lubna akarudi na kopo lote. Daphrose alifungua ile bahasha ya kaki, akamimina kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, hii si dawa ya Mzee Massoudi. Hii ni yangu. Boksi nililokupa liko wapi?"

Sijaona alitazama sakafu. "Nilitupa."

"Na vidonge?"

"Nikavitia mu bahasha yake." Sauti yake ilipungua. "Mi nilitaka mkono wake. Boksi lako halinijui. Bahasha yake inanijua."

Hakuna aliyecheka. Daphrose akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yao yakakaribiana.

"Sikiliza, mama. Dawa ni moja, jina ni moja. Lakini nguvu ni mbili. Vidonge vya Mzee vilikuwa vya miligramu tano. Vidogo. Ukimeza viwili, unapata kumi. Vile vilikwisha sokoni, nikakupa vya miligramu kumi. Kimoja changu ni sawa na viwili vyake."

"Na mi nameza viwili vyako."

"Wiki tatu. Kila siku dozi mara mbili. Ndiyo maana miguu imevimba na kichwa kinazunguka."

"Yampaye inka!" Lubna alimaka kwa Kirundi, akashika mdomo. "Na sisi tunasema huzuni!"

Twalibu alikuwa ameshika kichwa. "Mama, ni kama kutia esansi mu bidoni iliyoandikwa mazutu, yaani dizeli. Bidoni haina kosa. Lakini gari litakufa."

"We fundi nyamaza, mi si gari," Sijaona alisema, lakini machozi yalimtoka. Alilia kwa uchovu, na kwa aibu, na kwa sababu majua yale mawili yalikuwa kweli siku yalipochorwa.

Daphrose alimwacha alie. Halafu akasema, "Na mimi nina kosa, mama. Niliandika Kifaransa, nikashika simu. Nilipaswa kukuuliza: hebu niambie, utameza vipi? Sikuuliza."

"Sasa niiache hii dawa?"

"Usiache mwenyewe, usipunguze mwenyewe. Mi nitamwandikia muganga wa kituo cha afya. Twalibu akupeleke sasa hivi, na kopo lote mulibebe."

Kwenye kituo cha afya walimlaza mpaka mchana, wakampima mara tatu. Muganga alimwambia asimeze kidonge kesho yake, arudi apimwe kila asubuhi. Siku ya tatu, tansiyo ilipokaa sawa, akamruhusu aanze tena: kimoja tu.

Sijaona akapita farmasi na boksi jipya. Daphrose akachukua kalamu, akachora jua juu ya boksi lenyewe. Alichora taratibu, ulimi umetoka nje kidogo.

Sijaona akalitazama. "Hilo ni jua au nungunungu?"

"Mama, mi nilisomea dawa, sikusomea kuchora!"

"Utajifunza. Massoudi naye ya kwanza yalikuwa kama mabuibui."

"Basi niambie. Utameza vipi?"

"Nungunungu mmoja. Asubuhi. Na boksi silitupi mpaka vidonge viishe."

Siku ya arobaini, sufuria ilikaa motoni na Sijaona alikaa kando yake kwenye kiti, mwiko mkononi kama fimbo ya chifu. Aliamrisha zaidi ya alivyopika. Lubna alikoroga, Daphrose alimenya vitunguu akilia. Pilau iliiva.

Baada ya dua, watu wakala. Wanawake walikuwa uani, wanaume barazani, pazia katikati. Kila mmoja alikuwa na neno la Massoudi. Huyu alikataliwa kununua nusu dozi akakasirika, akapona. Yule aliletewa dawa mlangoni siku za mafuriko. Amissi alikiri mbele za watu kwamba chai ya tangawizi ilifanya kazi.

Sijaona aliposikia vile, akaweka sahani chini.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo ya pazia, "nani bado ana bahasha ya Massoudi nyumbani kwake?"

Mikono ya wanawake ikainuka yote, kwa fahari.

"Na ndani yake kuna dawa uliyonunua baada ya yeye kufa?"

Mikono ikasita. Mmoja ukashuka, kisha mingine. Minne ikabaki juu. Sijaona akawaeleza yaliyompata, hakuficha hata lile busu. Kisha nyuma ya pazia mtu akakohoa. Alikuwa Shehe Radjabu, aliyesoma dua.

"Mama Sijaona," alisema. "Andika watano."

Jumatatu walipanga mstari mbele ya farmasi, kila mmoja na kopo lake, mfuko wake, leso yake. Daphrose alimimina, akasoma, akatenganisha. Dawa zilizopitwa na wakati aliziweka kando zikateketezwe. Kwa kila mtu aliuliza lile swali moja: utameza vipi? Bahasha za kaki aliwarudishia wenyewe, tupu.

Ya kwake Sijaona aliikunja, akaitia ndani ya msahafu. Hapo haitamdanganya mtu.

Alikaa kwenye ngazi ya farmasi, mahali Massoudi alipoangukia. Bado alikuwa amechoka. Lakini huu ulikuwa uchovu wa mtu aliyefiwa, unaokaa moyoni na kuiacha miguu isimame. Watu waliendelea kuingia na kutoka.

"Kipimo," alisema polepole, kama mtu anayelipa deni. "Nusu ya kitendawili chako hiyo, Mzee."

Kisha akainuka, bila kushikwa mkono, akaenda zake nyumbani.