Sanduku la Barafu Kavu

Saa 3:10 asubuhi

Chumba cha nyuma cha karakana ya matairi, Plovdiv, kilinuka mpira na kahawa iliyoungua. Zhivko alipanga vifuniko vitatu vya chupa mezani: gari la maabara, gari lao, taa za barabarani. Kazi ya sekunde tisini. Spas anaendesha. Kapka, karani wa maabara anayesindikiza mzigo, atafungua mlango mwenyewe.

Mzigo ni sanduku moja. Ndani, chupa arobaini ndogo kama kidole, zimezikwa kwenye barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa. Kapka aliwaeleza kwa mara ya mwisho: hizi si seli-shina zenyewe, ni vifuko vidogo mno ambavyo seli hizo huvitoa, na madaktari wanavijaribu kutuliza utumbo uliovimba na kutoka vidonda. Zikikaa kwenye joto, hazifai tena. Tajiri mmoja alikuwa akizisubiri Edirne, ng'ambo ya mpaka.

Spas hakuhitaji kuelezwa. Utumbo wake ulikuwa na vidonda mwaka wa sita sasa. Mara kumi na tano kwa siku alikimbilia choo, na kilichotoka ni damu. Zhivko, binamu yake, alikuwa amemwahidi chupa sita.

"Umekula nini leo?" Zhivko aliuliza.

"Sijala."

"Safi. Usije ukaniharibia viti."

Kapka alicheka. Spas naye akacheka, maana alizitaka zile chupa.

Saa 4:25

Gari la maabara lilisimama kwenye taa nyekundu. Kapka akafungua mlango. Dereva, mzee wa miwani, aligeuka kumuuliza kulikoni. Zhivko akamtandika kitako cha bastola. Mzee alipokwisha kuanguka, akamtandika tena. Spas aliona yote kwenye kioo, akakaza macho mbele. Sanduku likaingia garini mwao. Kapka akaingia. Spas akakanyaga mafuta.

Saa 5:20

Karibu na mji wa Harmanli, njiani kuelekea mpakani, tumbo likaanza kumkata. Alivumilia kilomita nane, jasho likimtiririka, kisha akasema lazima asimame. Zhivko akamwambia ajinyee hapo hapo. Ni Kapka aliyemtetea, kwa sauti laini: kuna kituo cha mafuta hapo mbele, mwache mgonjwa ashuke.

Spas alimshukuru kwa moyo wote.

Alikuwa chooni, paji la uso limeegemea vigae, mlango ulipogongwa.

"Bado, binamu?"

"Dakika mbili."

"Usijali. Jisaidie taratibu."

Zhivko hakuwa amewahi kumsemesha kwa upole namna ile. Spas akajua, hata kabla injini haijanguruma. Akajaribu kuinuka. Gari lilikuwa limekwisha kuondoka.

Saa 5:50

Mhudumu wa kituo ndiye aliyewaita polisi, baada ya kuiona bastola. Nje ya mlango wa choo walikuta koti ambalo Spas alikuwa ameliacha garini, na ndani ya koti bastola yenye damu. Yule mzee amekufa, wakamwambia. Spas hakufikiri sana. Akataja namba ya gari, barabara, na tajiri wa Edirne.

Saa 7:05

Waliwanasa kwenye foleni ya mpakani. Jua la Julai lilichoma lami. Spas aliletwa kuwatambua. Zhivko alikuwa amelazwa kifudifudi, pingu mikononi. Polisi mmoja alifungua sanduku, moshi mweupe ukapanda, akaanza kuzipanga chupa juu ya boneti ili zipigwe picha.

"Zirudishe kwenye barafu," Kapka alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Kuna wagonjwa ishirini wa majaribio wanazisubiri wiki hii. Zitaharibika hapo."

Polisi alisita, chupa mkononi. Akamgeukia Spas, amuulize yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyesema kweli siku hiyo. Je, ni lazima zikae kwenye baridi?

Spas alimtazama binamu yake pale chini. Akamtazama Kapka na ile sauti yake laini. Akaziangalia chupa, ukungu wa barafu tayari ukigeuka matone. Tumbo lilikuwa likimkata upya.

"Mwongo huyo," alisema. "Anatafuta kuharibu ushahidi. Zitoe zote."

Polisi akazitoa zote. Boneti ilikuwa ya moto kiasi kwamba ilimbidi avae glavu.